TV Justiça: kuitazama Mahakama ya Juu ya Brazil ikiamua

Huduma ninayoitathmini hapa hailipiwi, haina matangazo ya biashara, na inamilikiwa na taasisi ileile inayoonyeshwa ndani yake. Ni TV Justiça, chaneli ya televisheni ya Mahakama ya Juu ya Shirikisho ya Brazil, ambayo Wabrazili wenyewe huitaja kwa herufi tatu tu, STF. Kila Jumatano na Alhamisi, mahakama inapokuwa kazini, chaneli hiyo hurusha moja kwa moja kikao cha majaji wote kuanzia saa 8 mchana kwa saa za Brasília, yaani saa 2 usiku kwa mtazamaji aliye Afrika Mashariki. Picha hizohizo hupatikana YouTube, ambako mahakama ilifungua chaneli yake mwaka 2009, na sauti husikika kupitia Rádio Justiça, iliyoanza mwaka 2004. Mtu anayetaka kuelewa jinsi uongozi wa juu wa jamhuri hiyo unavyofanya kazi hatapata darasa la wazi kuliko hili. Hata hivyo, kadiri nilivyoendelea kuitazama ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba udhaifu wake mkubwa hauko katika picha wala sauti. Uko katika yale mambo ambayo mahakama imeyapeleka mahali ambapo kamera haifiki.

Chaneli hii ilizaliwa katika mazingira ya kisiasa yanayostahili kusimuliwa. Katiba ya Brazil ya mwaka 1988 imeweka mstari wa kukaimu urais: Rais asipokuwapo hukaimu Makamu wake, akifuatiwa na Spika wa Baraza la Wawakilishi, kisha Rais wa Seneti, na mwisho kabisa Rais wa Mahakama ya Juu. Mwezi Mei 2002 Rais Fernando Henrique Cardoso alikuwa safarini nje ya nchi, na waliotangulia katika mstari huo walikuwa na sababu ya kukikwepa kiti, kwa kuwa uchaguzi wa Oktoba ulikuwa umekaribia na kukaimu kungewaharibia nafasi ya kugombea. Zamu ikamfikia Jaji Marco Aurélio Mello, aliyekuwa akiiongoza mahakama. Tarehe 17 Mei, akiwa kaimu Rais wa Jamhuri, alitia saini Sheria namba 10.461, iliyowataka watoaji wa huduma za televisheni ya kebo watenge chaneli kwa ajili ya mahakama aliyokuwa akiiongoza yeye mwenyewe. Matangazo yalianza tarehe 11 Agosti mwaka huohuo. Mwenye shaka anaweza kuuliza kama ilifaa jaji atie saini sheria inayoinufaisha taasisi yake. Swali ni la haki, ingawa muswada ulikuwa umekwishapita Bungeni na kilichobaki kilikuwa kalamu tu.

Mtazamaji mgeni ahitaji kujua kwanza anaangalia nini. Ukumbi uko katika jengo lililosanifiwa na Oscar Niemeyer kwenye Uwanja wa Mihimili Mitatu jijini Brasília, mkabala na Ikulu ya Planalto na jirani na Bunge. Majaji ni kumi na mmoja. Kila mmoja huteuliwa na Rais wa Jamhuri na kuthibitishwa na Seneti kwa wingi wa wajumbe wote, maana yake kura 41 kati ya 81, na hustaafu kwa lazima afikishapo umri wa miaka 75. Rais wa mahakama huketi katikati, mbele ya ukuta wa marumaru uliobuniwa na Athos Bulcão. Mkuu wa Mashtaka wa Jamhuri hukaa kuliani kwake, na majaji wengine hupangwa pande mbili kwa kufuata ukongwe. Nyuma yao hupita wasaidizi waliovaa vijoho vifupi, wanaoitwa capinhas, ambao huwavutia majaji viti na kuwafikishia hati. Mara za kwanza utaratibu huo huonekana kama maonyesho ya heshima za kale, lakini kikao kinaporefuka hadi usiku mtu huona kwamba bila watu hao hakuna jalada ambalo lingemfikia jaji kwa wakati.

Kila kesi huanza kwa jaji mwasilishi, ambaye hupangiwa jalada na kompyuta kwa bahati nasibu. Husoma taarifa yake, mawakili hupewa dakika 15 kila mmoja kutoa hoja jukwaani, kisha mwasilishi hutoa kura yake. Baada yake hufuata jaji aliyeingia mahakamani karibuni zaidi, na zamu hupanda kuelekea kwa wakongwe. Mkongwe wa sasa ni Gilmar Mendes, aliyeteuliwa mwaka 2002, na Rais wa mahakama hupiga kura mwisho. Mpangilio huu ndio unaolipa tangazo msisimko wake. Mtazamaji anayehesabu kura hujua kwamba sita zinatosha kuitangaza sheria kuwa inakiuka Katiba, na akifika kwenye kura ya tano upande mmoja na ya tano upande wa pili, huelewa kwamba neno la mwisho limebaki kwa yule aliyeketi katikati.

Kwa maoni yangu kiti hicho cha katikati ndicho hasa kinachostahili kutazamwa, na ni hapo ambapo huduma hii inafundisha zaidi kuliko inavyokusudia. Urais wa mahakama hudumu miaka miwili. Majaji hupiga kura ya siri kumchagua Rais wao, lakini kwa desturi isiyovunjwa humchagua yule mkongwe kuliko wote miongoni mwa wale ambao hawajawahi kushika nafasi hiyo, na ndiyo maana kila mtu hujua mapema nani atafuata. Kwa njia hiyo Ellen Gracie aliongoza kuanzia mwaka 2006 akiwa mwanamke wa kwanza, Cármen Lúcia akashika mwaka 2016, Dias Toffoli 2018, Luiz Fux 2020, Rosa Weber 2022, Luís Roberto Barroso 2023, na Edson Fachin akaapishwa tarehe 29 Septemba 2025, Alexandre de Moraes akiwa makamu wake. Mtu huyohuyo huongoza pia Baraza la Taifa la Haki, chombo kilichoundwa na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2004 ili kusimamia utawala na nidhamu katika mahakama zote za nchi. Desturi ya zamu huzuia kampeni na makundi ya kugombea, na hilo ni jambo jema. Inachokificha ni kwamba Rais wa mahakama ana mamlaka moja isiyo na zamu: yeye ndiye anayepanga kesi ipi isikilizwe na majaji wote, na lini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa kifungo baada ya rufaa ya kwanza. Mwaka 2016 mahakama ilikuwa imekubali kwamba mtu aliyetiwa hatiani na mahakama ya rufaa aanze kutumikia kifungo hata kama rufaa zake za juu bado hazijaamuliwa. Kesi zilizotaka suala hilo liamuliwe kwa ujumla, kwa watu wote, zilikuwa tayari kusikilizwa, na mwasilishi wake, Marco Aurélio, alilalamika waziwazi kwamba hazipangiwi tarehe. Cármen Lúcia, aliyekuwa Rais, hakuzipanga. Alichokipanga ni ombi la mtu mmoja tu, Luiz Inácio Lula da Silva, wakati huo Rais wa zamani wa Jamhuri, aliyetaka asifungwe. Kikao cha tarehe 4 Aprili 2018 kiliendelea hadi usiku wa manane kupita, na ombi likakataliwa kwa kura sita dhidi ya tano, ya sita ikiwa ya Cármen Lúcia mwenyewe. Aliyefanya mizani iegemee upande huo, hata hivyo, alikuwa Rosa Weber, ambaye alieleza kwamba katika shauri la mtu mmoja anaona ni wajibu wake kuufuata msimamo wa mahakama uliokuwapo, hata kama maoni yake binafsi ni mengine. Lula akaingia gerezani siku chache baadaye.

Toffoli alipokuwa Rais alizipangia tarehe zile kesi za jumla. Zilisikilizwa kwa vikao kadhaa mwaka 2019, na tarehe 7 Novemba hesabu ilifika tano kwa tano. Mara hii Rosa Weber, kwa kuwa suala lilikuwa la jumla, alipiga kura kwa imani yake. Toffoli akawa wa mwisho, akavunja usawa, na msimamo wa mwaka 2016 ukapinduliwa kwa kura sita dhidi ya tano. Kesho yake Lula alitoka. Yeyote aliyetazama vikao hivyo viwili vyote, na vinaweza kutafutwa na kutazamwa upya, aliona majaji wengi walewale wakizungumzia kifungu kilekile cha Katiba, na matokeo yakageuka. Ukweli huu, kwamba kupanga ratiba ni kutawala, hausemwi na mtangazaji yeyote wa chaneli, lakini umo ndani ya picha kwa anayefuatilia. Kasoro ni kwamba upangaji wenyewe haurushwi. Tunaona kesi ikisikilizwa, na hatuoni kwa nini nyingine iko kabatini.

Kuhusu ufundi sina malalamiko mengi. Sauti ni safi, jina la jaji anayezungumza huandikwa chini ya picha, na kuna mkalimani wa lugha ya ishara ya Kibrazili, jambo ambalo vituo vingi vya biashara hulifanya kwa kusuasua. Kabla ya kikao huwa kuna wachambuzi wanaoeleza kesi kwa Kireno chepesi. Asiyekijua Kireno atalazimika kutegemea maandishi ya tafsiri ya YouTube, ambayo huvurugika kila jaji anapotumia Kilatini, na hutumia Kilatini mara nyingi kuliko subira inavyoruhusu. Kamera zenyewe zina adabu iliyopitiliza. Humfuata msemaji, mara chache hurudi kwenye picha pana, na ni nadra kuonyesha uso wa jaji anayesikiliza hoja inayombomoa. Nafahamu sababu yake, kwa kuwa mwenye kamera ni mahakama, na hakuna taasisi inayojipiga picha pembe isiyoipendeza.

Adabu hiyo huporomoka pale ambapo majaji wenyewe wanaporomoka. Mwezi Aprili 2009 Joaquim Barbosa na Gilmar Mendes, aliyekuwa Rais wakati huo, walishambuliana kwa maneno makali mbele ya taifa zima, huku wakiendelea kuitana Mheshimiwa kama kanuni inavyotaka. Machi 2018 ilikuwa zamu ya Barroso na Gilmar Mendes, na Cármen Lúcia alilazimika kusimamisha kikao. Video za matukio hayo zilisambaa kuliko hukumu yoyote ya mwezi husika. Wapo Wabrazili wanaosema kwamba matangazo yameivunjia mahakama heshima. Mimi nadhani ugomvi ungekuwapo hata bila kamera, kama ulivyo katika kila baraza la watu wenye akili na kiburi, na mwananchi anayelipa mishahara yao ana haki ya kujua kwamba uamuzi fulani ulitoka katika chumba chenye hasira.

Tuhuma nzito zaidi ni ile ya urefu. Watafiti wa sheria nchini Brazil waliolinganisha hukumu za kabla na za baada ya kuanza kwa matangazo wameonyesha kwamba kura zilirefuka, na mtazamaji hahitaji kuwa mtafiti ili alithibitishe hilo. Jaji anayekubaliana kabisa na mwasilishi angeweza kusema hivyo kwa sentensi moja. Badala yake husoma kurasa nyingi zilizoandikwa ofisini, akirudia historia ya kifungu, maoni ya wanazuoni wa Ujerumani, na mambo ambayo wenzake watatu wamekwisha kuyasema saa moja kabla. Kinachopotea ni majadiliano. Kila mmoja huja na kura yake imekamilika, na hoja zinapita kando bila kugusana. Kwa hiyo mtu anayetarajia kuona majaji wakishawishiana atavunjika moyo mara nyingi, ingawa zipo nyakati adimu ambapo mmoja hukatiza, huomba ufafanuzi, na mwingine hurekebisha kura yake papo hapo. Nyakati hizo hulipia saa zote za kusoma.

Kilele cha urefu huo kilifikiwa tarehe 10 Septemba 2025, katika kesi ya jaribio la mapinduzi iliyomkabili aliyekuwa Rais, Jair Bolsonaro, na washitakiwa wengine saba. Kesi haikuwa mbele ya majaji wote bali mbele ya Jopo la Kwanza lenye majaji watano, likiongozwa na Cristiano Zanin, Moraes akiwa mwasilishi. Luiz Fux alitumia kikao kilichochukua zaidi ya saa kumi na mbili kueleza kwa nini anatofautiana na wenzake na kwa nini, kwa maoni yake, mahakama haikuwa na mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Ilikuwa kazi ngumu kuitazama. Pamoja na hayo nasema bila kusita kwamba ilikuwa huduma bora kuliko zote ambazo chaneli hii imewahi kutoa, kwa sababu siku iliyofuata, Cármen Lúcia na Zanin walipokamilisha matokeo ya kura nne dhidi ya moja na adhabu ya miaka 27 na miezi 3 ikatangazwa, hakuna aliyeweza kudai kwamba hoja ya upande wa pili ilizimwa. Wafuasi wa Bolsonaro walikuwa na saa kumi na mbili za video za kuishika mkononi, na wapinzani wake walikuwa na vikao vingine vyote.

Televisheni pia hutengeneza mashujaa, na hapo sina furaha sana nayo. Kesi ya mensalão, iliyohusu malipo ya siri kwa wabunge wakati wa muhula wa kwanza wa Lula, ilisikilizwa kuanzia tarehe 2 Agosti 2012 kwa vikao 53, ikiwa na washitakiwa 38. Joaquim Barbosa alikuwa mwasilishi, mara nyingi akisimama nyuma ya kiti chake kwa sababu ya maumivu ya mgongo, na Ricardo Lewandowski alikuwa jaji mhakiki aliyempinga katika mambo mengi. Katikati ya kesi, mwezi Novemba, Barbosa aliapishwa kuwa Rais wa mahakama, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Katika kanivali iliyofuata barakoa za uso wake ziliuzwa mitaani. Lewandowski, kwa upande wake, alifanywa adui na watu ambao hawakusoma ukurasa mmoja wa kura zake. Jaji anayeshangiliwa ana shida ileile ya jaji anayezomewa: anajua kwamba wanamtazama.

Jambo moja ambalo matangazo yanalionyesha vizuri, tena bila kupenda, ni ombi la kulisoma jalada. Jaji asiyekuwa tayari kupiga kura anaweza kuomba muda wa kulichunguza, na kesi husimama. Kwa miaka mingi hapakuwa na dawa ya kweli kwa anayelikalia jalada. Kesi ya kumiliki bangi kwa matumizi binafsi ilianza kusikilizwa Agosti 2015. Teori Zavascki aliomba jalada, akafariki katika ajali ya ndege Januari 2017, na Moraes, aliyeteuliwa kuchukua nafasi yake, akalirithi. Likarudi, likangoja tena, na hatimaye likasikilizwa upya mwaka 2023, kisha likasimamishwa mara nyingine kwa maombi mapya. Uamuzi ulitoka Juni 2024: kumiliki hadi gramu 40 au mimea sita ya kike kusihesabiwe kuwa jinai. Mwishoni mwa mwaka 2022, chini ya urais wa Rosa Weber, mahakama ilikuwa imebadilisha kanuni zake ili jalada lililoombwa lirudi lenyewe baada ya siku 90. Hayo ndiyo mageuzi makubwa ya miaka ya karibuni, na yalipita kimyakimya kuliko ugomvi wowote wa majaji.

Kesi hiyo ya bangi inanisaidia pia kumwonya mtazamaji mgeni dhidi ya njia ya mkato ya kukisia kura kwa kuangalia aliyemteua jaji. Zanin alikuwa wakili wa Lula kabla ya Lula kumteua mwaka 2023, na wengi walimtarajia aungane na walegezaji wa sheria. Katika kura yake ya Agosti mwaka huohuo alikwenda upande wa pili. Orodha ya walioteua ina faida yake, kwa maana Kassio Nunes Marques na André Mendonça waliteuliwa na Bolsonaro, Moraes na Michel Temer, Fux na Fachin na Dilma Rousseff, na Flávio Dino alitoka moja kwa moja kwenye baraza la mawaziri la Lula. Ila anayeishia kwenye orodha hiyo hana haja ya kutazama vikao. Jambo jingine ambalo picha pana huonyesha bila maelezo yoyote ni kwamba tangu Rosa Weber alipostaafu mwaka 2023 na nafasi yake kushikwa na Dino, Cármen Lúcia amebaki mwanamke pekee.

Sasa nifike kwenye udhaifu nilioutaja mwanzoni. STF hupokea makumi ya maelfu ya mashauri kila mwaka, na hakuna mahakama yenye majaji kumi na mmoja inayoweza kuyasikiliza yote ukumbini kwa sauti. Dawa iliyopatikana ni ukumbi wa mtandaoni. Ulianza mwaka 2007 kwa kazi ndogo ya kuchuja rufaa, ukapanuliwa, na wakati wa janga la korona mwaka 2020 ukafunguliwa kwa karibu kila aina ya kesi. Mwasilishi huweka kura yake katika mfumo, wenzake hupewa kwa kawaida siku sita za kazi kuweka zao, na matokeo hutoka bila mtu yeyote kufungua kinywa. Mawakili hutuma hoja zao kwa video iliyorekodiwa, na ni vigumu kujua ni jaji gani aliyeitazama. Ni kweli kwamba kura husomeka kwenye tovuti zinapowekwa, na kanuni ya zamani iliyochukua ukimya wa jaji kuwa ni kumuunga mkono mwasilishi imeondolewa. Ni kweli pia kwamba jaji yeyote anaweza kulitoa shauri huko na kulirudisha ukumbini, kama Barroso alivyofanya Septemba 2023 mara tu Rosa Weber alipoweka kura yake kuhusu utoaji wa mimba. Hata hivyo sehemu kubwa kabisa ya maamuzi ya pamoja sasa hutolewa kwa njia hiyo, na chaneli haina kipindi kinacholingana na uzito wake. Kinachorushwa moja kwa moja kimekuwa sehemu ndogo iliyochaguliwa, na aliyeichagua ni Rais wa mahakama.

Kisha kuna maamuzi ya jaji mmoja. Januari 2020 Fux, peke yake, alisimamisha kwa muda usiojulikana sheria iliyounda nafasi ya hakimu wa kusimamia upelelezi, asiye yule atakayehukumu kesi. Bunge lilikuwa limeipitisha, Rais alikuwa ameisaini. Majaji wote walikuja kuiamua Agosti 2023, zaidi ya miaka mitatu na nusu baadaye, na wakaikubali sheria hiyo pamoja na marekebisho. Katika kipindi chote hicho TV Justiça haikuwa na kitu cha kuonyesha, kwa sababu hapakuwa na kikao. Kanuni mpya za mwaka 2022 zinataka amri za dharura za jaji mmoja zipelekwe kwa wenzake mara moja, nazo zimepunguza tatizo. Seneti haikuridhika. Novemba 2023 ilipitisha, kwa kura 52 dhidi ya 18, pendekezo la kubadilisha Katiba ili kuwabana majaji zaidi. Mjadala huo niliufuata kupitia TV Senado, chaneli dada inayomilikiwa na Seneti, ambayo ina kelele nyingi na uhai zaidi, na ambayo pia hurusha mahojiano ya wateule wa mahakama mbele ya kamati.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama mambo haya yanamhusu mtu asiye mwanasheria. Jibu langu ni kikao cha tarehe 1 Februari 2023. Wiki tatu kabla yake, tarehe 8 Januari, wafuasi wa Bolsonaro walikuwa wamevamia majengo yote matatu ya uwanja ule, na ukumbi wa STF ndio ulioharibiwa vibaya: vioo, viti, samani, nembo ya taifa. Mahakama iliharakisha ukarabati ili mwaka wa kimahakama ufunguliwe siku yake iliyopangwa, na Rosa Weber akaufungua mbele ya Rais wa Jamhuri na viongozi wa Bunge. Kama matangazo, hayakuwa na kitu cha kuvutia macho, hotuba tu na watu waliovaa rasmi. Bado nalipendekeza tangazo hilo kwa kila anayeanza, kwa sababu linaonyesha viongozi wa mihimili mitatu wakiwa chumba kimoja, kila mmoja akipima kwa uangalifu anasema nini mbele ya wenzake.

Anayetaka kuanza leo aepuke Januari na Julai, kwa kuwa mahakama huwa mapumzikoni na chaneli hujaza nafasi kwa marudio na vipindi vya mafunzo ya sheria ambavyo havina ubora unaofanana. Aanze na kumbukumbu za zamani zenye kesi ambazo mgeni anaweza kuzielewa haraka. Ile ya utafiti wa seli za viinitete, iliyoamuliwa Mei 2008 kwa kura sita dhidi ya tano, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, hasa akitanguliza usikilizaji wa wanasayansi wa Aprili 2007, ambao ulikuwa wa kwanza wa aina yake katika historia ya mahakama hiyo. Ya muungano wa watu wa jinsia moja, ya Mei 2011, ilipita bila kura ya kupinga na kwa hiyo ina mvutano mdogo, lakini kura ya Ayres Britto imepangwa vizuri. Baada ya hapo arukie vikao viwili vya 2018 na 2019 nilivyovieleza, kwa mfuatano.

Kama ningeruhusiwa kuiomba chaneli jambo moja, ningeomba kipindi cha kila Ijumaa, siku ambayo kura za ukumbi wa mtandaoni kwa kawaida hufungwa, ambamo mtangazaji angesoma kesi zilizoamuliwa wiki hiyo, nani alipinga na kwa hoja gani, na ni zipi ziliondolewa kwenye ratiba ya ukumbini na kwa amri ya nani. Mitambo ipo, wachambuzi wapo, na kura zenyewe tayari zimewekwa hadharani kwenye tovuti ya mahakama. Kinachohitajika ni idhini ya Rais wa mahakama.